Kuziba kwa ateri za miguu kwa wazee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wazee wenye mguu unaouma, ulio baridi au wenye kidonda kisichopona, na ya watoto na wajukuu wanaowauguza. Majibu hayachukui nafasi ya daktari aliyeushika mguu wenyewe. Na kama mguu umebadilika ghafla leo, ruka yote uende moja kwa moja kwenye swali la dharura.

Ugonjwa huu ni nini hasa?

Ateri ndizo mishipa inayopeleka damu yenye oksijeni kutoka kwenye moyo. Kwa miaka mingi lehemu (kolesteroli) na chokaa hujijenga ndani ya kuta zake, ukuta unakuwa mgumu na nafasi ya damu kupita inapungua. Mwili haukai kimya. Mishipa midogo ya pembeni hutanuka polepole na damu ikaendelea kufika, kama wasafiri wanaokwepa barabara kuu iliyofungwa kwa kupita njia za panya. Ndiyo maana mzee anaweza kuwa na ateri ya paja iliyoziba kabisa na bado akatembea hadi sokoni na kurudi. Shida huanza pale njia hizo za pembeni zinaposhindwa kukidhi haja: akitembea kasi, au mguu ukipata kidonda, maana kidonda kinahitaji damu nyingi kuliko ngozi nzima.

Watu zaidi ya milioni 200 duniani wana ugonjwa huu, na idadi hupanda kadiri umri unavyosonga. Wanaoupata zaidi ni wavutaji sigara, wenye kisukari, shinikizo la damu, lehemu nyingi, na wale ambao figo zao zimechoka. Mahali unapoziba pia pana mpangilio. Sigara hupenda kuharibu ateri za nyonga na paja. Kisukari, maradhi ya figo na uzee mkubwa huharibu zaidi zile nyembamba za chini ya goti, hadi kwenye wayo wenyewe. Hili la pili ndilo linalowapata wazee wengi, na ndilo gumu zaidi kulitambua.

Mama anasema ni uzee tu. Nitajuaje kama ni mishipa?

Dalili inayojulikana sana ni maumivu ya misuli wakati wa kutembea, hasa shavu la mguu, wakati mwingine paja au makalio. Huanza baada ya umbali uleule karibu kila siku, huja haraka zaidi akipanda mlima, na hutulia ndani ya dakika chache akisimama tu, hata bila kukaa. Kama anahitaji kuketi au kuinama mbele ndipo apate nafuu, huenda tatizo liko kwenye uti wa mgongo. Kama goti linauma tangu hatua ya kwanza asubuhi, fikiria viungo kwanza.

Lakini wazee wengi hawana dalili hii kabisa. Mzee anayetoka kitandani hadi kitini na kurudi hatembei umbali wa kuyafikia maumivu. Mwenye kisukari cha muda mrefu huenda neva zake zimekufa ganzi, kwa hiyo hata mguu ukiwa na njaa ya damu hausemi. Kwa watu hawa dalili ya kwanza ni kidonda kidogo kwenye kidole au kisigino, mara nyingi kutokana na kiatu kilichobana. Kwa hiyo usisubiri alalamike. Mvue viatu na soksi, uangalie.

Tafuta mguu mmoja ulio baridi kuliko mwingine, ngozi nyembamba inayong'aa, vinyweleo vilivyopotea, kucha nene zinazokua kwa kusuasua. Mlaze, inua miguu yote kwa dakika moja, kisha mketishe aining'inize: mguu wenye upungufu wa damu hupauka ukiwa juu na kuiva wekundu wa zambarau ukiwa chini. Kwenye ngozi nyeusi wekundu na weupe haujitokezi vizuri, basi angalia nyayo na chini ya kucha, na kila mara linganisha mguu na mwenzake.

Usiku baba analala kwenye kiti, anasema akining'iniza mguu anapata nafuu. Kuna ubaya?

Hili lichukulie kwa uzito mkubwa. Akilala, mvuto wa ardhi hausaidii tena damu kushuka, na shinikizo la damu nalo hupungua usingizini, hivyo vidole na sehemu ya mbele ya wayo hubaki bila damu ya kutosha na kuanza kuwaka. Akiushusha mguu, matone machache zaidi yanafika, maumivu yanatulia. Familia nyingi huona baba amepata mtindo wake wa kulala, na wiki zinapita. Wakati huohuo, kwa kuning'iniza mguu usiku kucha, wayo unavimba, na uvimbe huo nao unazidi kuzuia damu isifike kwenye ngozi.

Maumivu ya namna hii yakiendelea kwa zaidi ya wiki 2, au kukiwa na kidonda au sehemu iliyooza, madaktari huita hali hiyo ukosefu wa damu unaotishia kiungo. Hapo anahitaji kuonwa na wataalamu wa mishipa ya damu ndani ya siku chache. Dawa za maumivu peke yake hazitoshi, ingawa anastahili kupewa za kutosha, usiku hasa.

Ni wakati gani niende hospitali saa hiyohiyo?

Mguu ukianza ghafla kuuma vikali, ukapauka, ukawa baridi, ukafa ganzi, au vidole vikashindwa kusogea. Hiyo ni ateri iliyozibwa na donge la damu, mara nyingi lililotoka kwenye moyo unaodunda bila mpangilio. Misuli na neva huanza kufa ndani ya saa chache, na takriban saa 6 ndizo zinazotajwa kama muda wa kuokoa mguu usiokuwa na njia za pembeni. Usikande, usitie maji moto, usisubiri asubuhi.

Dharura ya pili ni kidonda kinachotoa usaha au harufu, wekundu unaopanda mguuni, homa, au mzee kuanza kuchanganyikiwa ghafla. Kwa wazee homa inaweza isionekane kabisa; kuchanganyikiwa au kukataa kula kunaweza kuwa ndiyo ishara pekee ya sumu ya maambukizi kuingia kwenye damu.

Atapimwa vipi?

Kwanza kwa vidole. Daktari au muuguzi hutafuta mapigo kwenye kinena, nyuma ya goti, nyuma ya kifundo cha ndani na juu ya wayo. Kama mzee wako ana kidonda cha mguu na hakuna aliyetafuta mapigo hayo, omba kwa heshima yatafutwe. Kidonda cha mguu kisafishwe, kifungwe na kupewa antibiotiki mwezi mzima bila mtu kujua kama damu inafika? Hilo linatokea mno, na ndilo linalonisukuma kuandika haya.

Kipimo cha pili ni uwiano wa shinikizo. Hupimwa shinikizo la damu kwenye kifundo cha mguu na kwenye mkono kwa kutumia kifaa cha sauti kiitwacho dopla, kisha la mguu hugawanywa kwa la mkono. Hakiumi na hakihitaji sindano. Jibu kati ya 1.0 na 1.4 ni la kawaida, 0.90 kushuka chini ni ugonjwa. Chini ya 0.4 ni hali mbaya sana.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini kama mgonjwa ana kisukari, ugonjwa wa figo, au ni mzee sana. Ateri zilizojaa chokaa hazibanwi na mkanda wa kupimia, kwa hiyo namba hutoka nzuri kwa uongo, pengine hata zaidi ya 1.4. Nimeona watu wenye vidole vyeusi wakiambiwa mzunguko wa damu ni mzuri kwa sababu ya namba hiyo. Dawa yake ni kupima shinikizo la kidole gumba cha mguu, maana ateri za vidole huathirika kidogo na chokaa. Shinikizo la kidole likiwa chini ya milimita 30 za zebaki, kidonda kina nafasi ndogo ya kupona bila kurudishiwa damu.

Baada ya hapo huja altrasaundi ya mishipa, na kama kuna mpango wa kuzibua, picha ya CT au ya eksirei yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Dawa hiyo inaweza kuzielemea figo zilizochoka, kwa hiyo figo zipimwe kwanza, na daktari aambiwe kama mgonjwa anatumia metfomini, dawa ya kisukari.

Je, lazima atakatwa mguu?

Kwa mwenye maumivu ya kutembea tu, bila kidonda na bila maumivu ya usiku, jibu ni hapana kwa walio wengi mno. Wachache sana kati yao hufikia kukatwa mguu ndani ya miaka 5, na wengi wa hao ni wenye kisukari au walioendelea kuvuta sigara. Kinachowaua zaidi ni mshtuko wa moyo na kiharusi, kwa sababu ateri zilizoziba mguuni huwa na ndugu zao moyoni na kichwani. Hilo nitalirudia kwenye dawa.

Kwa aliye na kidonda, sehemu iliyooza au maumivu ya usiku, hatari ni ya kweli: bila kurudishiwa damu, takriban mmoja kati ya watano au wanne hupoteza mguu ndani ya mwaka. Ila "bila kurudishiwa damu" ndilo fungu lenye uzito katika sentensi hiyo. Kabla ya kutia saini ya kukatwa mguu, uliza mambo mawili: damu ya mguu huu imepimwa vipi, na je, mtaalamu wa mishipa amesema haiwezi kuzibuliwa? Kama maambukizi hayajageuka kuwa hatari ya maisha leo, kuna muda wa kupata majibu hayo.

Tiba ya kuzibua ateri kwa njia ya mrija ilianza kwa mgonjwa wa aina hii hasa. Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, Oregon, Marekani, daktari Charles Dotter alipewa mgonjwa wa miaka 82 mwenye wayo ulioanza kuoza. Mama huyo alikuwa amekataa kukatwa. Dotter alipitisha mirija ndani ya ateri ya paja na kuitanua sehemu iliyobana. Wayo ulipata joto, maumivu yakaisha, na mguu huo alibaki nao hadi alipofariki. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tiba hizi ni za vijana, mkumbushe kwamba mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi.

Atatumia dawa gani, na kwa muda gani?

Kwa kawaida, kwa maisha yote. Statini, yaani dawa za kushusha lehemu, kwa mfano atovastatini au rosuvastatini, hupewa hata kama lehemu haionekani kuwa nyingi, kwa sababu hulinda ateri za mwili mzima na hupunguza pia uwezekano wa kupoteza mguu. Miongozo ya Ulaya inataka lehemu mbaya (LDL) ishuke chini ya 1.4 kwa kipimo cha milimoli kwa lita.

Dawa ya kuzuia chembe za damu kushikamana ni ya pili: klopidogreli miligramu 75 au aspirini miligramu 75 hadi 100 kwa siku. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa baada ya kuzibuliwa, huongezwa rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya miligramu 2.5 mara mbili kwa siku pamoja na aspirini. Mchanganyiko huo umethibitika kupunguza matukio mabaya ya mguu na ya moyo, lakini unaongeza kutoka damu. Kwa mzee anayeanguka mara kwa mara, mwenye vidonda vya tumbo au uzito mdogo, mizani hiyo ijadiliwe waziwazi.

Shinikizo la damu lidhibitiwe, sukari pia. Kwa mzee dhaifu, sukari isishushwe kwa pupa, maana kuzirai kwa sukari ndogo ni hatari ya leoleo. Dawa za shinikizo za kundi la beta zilizowahi kuogopwa kwa ugonjwa huu zinaweza kutumika kama moyo unazihitaji.

Silostazoli, miligramu 100 mara mbili kwa siku, inaweza kurefusha umbali wa kutembea, lakini ni mwiko kwa mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu. Kama miezi 3 imepita bila tofauti, iachwe. Virutubisho vya vitamini E havina faida iliyothibitika hapa. Wala sindano zinazodaiwa "kusafisha mishipa".

Akitembea anaumia. Si afadhali apumzike?

Kinyume chake. Kutembea ndiyo tiba ya maumivu ya kutembea, na mazoezi haya yakifanywa vizuri huweza kurefusha umbali wa mgonjwa kwa kiasi kikubwa. Namna yake ni hii: atembee mpaka maumivu yawe ya wastani hadi makali kiasi, asimame mpaka yaishe, aendelee tena, na arudie hivyo kwa dakika 30 hadi 45, angalau mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Maumivu hayo hayaharibu misuli. Misuli hujifunza kutumia oksijeni kidogo iliyopo kwa ufanisi zaidi, na mgonjwa mwenyewe hupoteza woga. Matokeo huwa bora akisimamiwa na mtaalamu wa mazoezi ya tiba, au angalau mjukuu akitembea pembeni yake na kuandika umbali.

Mwenye magoti mabovu anaweza kuzungusha pedali kwa mikono au kwa miguu akiwa amekaa, nayo husaidia. Mwenye kidonda kwenye unyayo au maumivu akiwa amepumzika asianze mazoezi haya kabla ya kuonwa na daktari.

Ana miaka 78 na amevuta sigara tangu ujana. Kuacha sasa kuna maana?

Ndiyo, na pengine hakuna kidonge kinachoshinda hilo. Wanaoacha hupungukiwa na hatari ya kukatwa mguu na ya mshtuko wa moyo, na mishipa iliyozibuliwa hudumu wazi kwa muda mrefu zaidi. Msaidieni kwa dawa za kupunguza hamu ya nikotini. Kumgombeza mzee mbele ya wajukuu hakujawahi kumsaidia yeyote kuacha.

Puto, stenti au baipasi: ipi ni bora?

Kwa puto, daktari hupitisha waya mwembamba kutoka kwenye kinena, mara nyingi kwa ganzi ya sehemu tu, na kuitanua ateri kwa ndani. Mahali panapokataa kubaki wazi huwekwa stenti, kijineli cha wavu wa chuma. Baipasi ni upasuaji: mshipa wa veni wa mgonjwa mwenyewe huchukuliwa mguuni na kushonwa juu na chini ya palipoziba. Jean Kunlin aliifanya Paris mwaka 1948 na msingi wake haujabadilika: veni ya mtu mwenyewe hushinda mrija wa kutengenezwa, hasa chini ya goti.

Kuhusu ipi itangulie, tafiti kubwa mbili za hivi karibuni zimetoa majibu yanayoonekana kupingana. BEST-CLI, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa wenye veni nzuri ya mguu walipata matokeo bora wakianza na baipasi. BASIL-2 wa mwaka 2023, ulioangalia waliohitaji kuzibuliwa ateri za chini ya goti, ulionyesha kuwa walioanza na puto walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai wakiwa na mguu, na tofauti hiyo ilitokana zaidi na vifo vichache. Mimi nazisoma pamoja hivi: mzee mwenye nguvu, moyo mzuri, veni nzuri na mguu uliooza sehemu kubwa, asinyimwe baipasi kwa sababu ya umri; kwa mzee dhaifu mwenye maradhi mengi, puto kwanza. Hata hivyo ramani ya ateri zake ndiyo yenye neno la mwisho. Wakati mwingine mguu mmoja unahitaji vyote viwili: kusafishwa kwa ateri ya kinena kwa upasuaji, na puto kwa zile za chini.

Swali zuri la kumuuliza mpasuaji: "Lengo ni kidonda kipone, au ni atembee mbali zaidi?" Kwa kidonda, inawezekana ateri iliyotanuliwa ikaja kuziba tena baada ya miezi na bado kazi ikawa imefanyika, kwa sababu ngozi iliyokwisha kupona huhitaji damu kidogo.

Miaka 85 si mingi mno kwa haya?

Umri peke yake si kizuizi. Kinachoangaliwa ni nguvu za mwili na akili: anajivalisha mwenyewe? Amepungua uzito? Anakumbuka? Moyo na figo vikoje? Wazee wawili wa miaka 85 wanaweza kuwa mbali kama mtu na baba yake. Mwambie daktari alivyokuwa mwezi uliopita nyumbani, siyo tu alivyo leo kitandani akiwa na homa.

Kidonda kitunzwe vipi wakati tunasubiri?

Kiwe kisafi na kikavu kiasi, kifunikwe kwa bandeji isiyobana, na kiondolewe uzito. Hilo la uzito husahaulika: kidonda cha unyayo kinachokanyagwa kila siku hakiponi hata damu ikiwa tele. Kwa mzee asiyetoka kitandani, visigino visiguse godoro kabisa. Weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie hewani. Kuweka mto chini ya kisigino chenyewe ni kuhamisha tatizo tu.

Mtu asikwangue nyama iliyokufa kwa wembe, wala kidonda kisichimbwe na mtaalamu kabla ya kujua damu inafika kiasi gani. Usitumie dawa za kuyeyusha sugu. Asidi yake huchoma ngozi isiyo na damu. Kama kidonda kimefika mfupani, au kidole kimevimba kama soseji, kuna uwezekano wa maambukizi ya mfupa na antibiotiki zitahitajika kwa wiki kadhaa. Ale vizuri, protini hasa, na upungufu wa damu utafutwe na kutibiwa.

Tumkande, tumtie maji moto, au tumvalishe soksi za kubana?

Maji moto, chupa ya moto na kiti karibu na moto: hapana. Mguu wenye ganzi haujui unaungua. Mfunikeni kwa soksi pana za pamba au blanketi. Maji ya kuoga yajaribiwe na mtu mwingine kwa kiwiko.

Soksi za kubana zinazotolewa kwa uvimbe wa veni zinaweza kuua ngozi ya mguu wenye ateri zilizoziba. Zisivaliwe kabla ya uwiano wa shinikizo kupimwa. Kupaka mafuta ngozi kavu kwa upole ni kuzuri, ila si katikati ya vidole. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, na asitembee peku hata ndani ya nyumba.

Kidole kimekauka na kuwa cheusi. Mbona daktari hataki kukikata?

Kama ni kikavu kweli, hakina harufu, usaha wala wekundu unaosambaa, subira inaweza kuwa uamuzi mzuri. Kukata kidole mahali pasipo na damu ni kutengeneza kidonda kipya kisichopona, kisha kingine juu yake. Utaratibu sahihi ni kurudisha damu kwanza, ndipo kukata. Kwa mzee dhaifu asiyeweza kuzibuliwa, kidole kikavu kinaweza kuachwa kijitenge chenyewe kwa wiki au miezi. Kikianza kulowana, hesabu hubadilika na ni hospitali siku hiyo.

Na ikibidi kukatwa, wapi?

Chini kadiri inavyowezekana mahali patakapopona. Goti lina thamani kubwa: aliyebakizwa goti hutumia nguvu ndogo zaidi kutembea na mguu wa bandia, na wazee wengi waliokatwa juu ya goti hawatembei tena. Lakini kwa mzee ambaye tayari hakuwa anatembea na goti lake limejikunja, kukata juu ya goti mara moja na kikapona kunaweza kuwa na huruma zaidi kuliko operesheni tatu. Kukatwa kwa mpango, maumivu yakiwa yamedhibitiwa na mazoezi yameandaliwa, si kushindwa kwa yeyote. Mguu wa pili uanze kulindwa siku hiyohiyo.

Mzee mwenyewe anakataa kila kitu. Tufanye nini?

Mketi naye, hasa mmoja anayesikiliza zaidi kuliko anavyozungumza. Ulizeni anachoogopa. Wengine wanakataa kukatwa, wakidhani ndicho kinachopendekezwa, kumbe ni puto. Wengine wanaogopa gharama kwa watoto. Wengine wamechoka, na wamesema kwa akili timamu. Huyo wa mwisho ana haki ya uamuzi wake, na bado kuna tiba ya kumpa: morfini au dawa nyingine za kutosha kwa maumivu, kidonda kisichotoa harufu, usingizi, watu wake karibu. Watoto wasimwamulie nje ya mlango akiwa bado anaweza kujisemea.

Ameshazibuliwa. Sasa?

Aonwe ndani ya mwezi wa kwanza, kisha kwa ratiba, mara nyingi kwa altrasaundi kwenye miezi 6 na 12 kama ana baipasi, kwa sababu kubana kukigunduliwa kabla ya kuziba hurekebishika kwa urahisi. Asiache dawa kwa kuwa mguu umepata joto. Kuvimba kwa mguu baada ya baipasi ni kawaida kwa wiki kadhaa. Maumivu ya usiku yakirudi, au kidonda kilichokuwa kinapungua kikisimama, asisubiri tarehe ya miadi.

Sisi watoto wake tupimwe?

Mwenye miaka 65 na zaidi, mwenye 50 na kuendelea anayevuta sigara au mwenye shinikizo, lehemu au kisukari, na yeyote mwenye maumivu ya kutembea au kidonda cha mguu: ndiyo, uwiano wa shinikizo ni wa dakika chache. Walio wadogo zaidi waanze na sukari, shinikizo na lehemu, na kama wanavuta, waache pamoja na mzee.